Kijibwa anakumalizia viti? Angalia kwanza anauma wapi na anauma saa ngapi

Hapa Malindi ukimwambia mtu kijibwa kanitafunia kiti, utapewa jawabu mbili tu: mchape, ama paka pilipili. Zote mbili hazitibu kitu, manake bado hujajua anatafuna kwa nini. Kijibwa anayeota meno, kijibwa mwenye njaa, anayeachwa peke yake mchana kutwa, mwenye minyoo, wote hao wanatafuna na ukikitazama kiti harakaharaka utaona ni shida moja. Si moja. Mahali alipouma na saa aliyouma zinakwambia karibu kila kitu, kwa hivo kabla hujatoa pesa kununua dawa ya kupaka kaa siku mbili tatu uangalie tu: ana miezi mingapi, anauma nini, wewe ukiwepo ama ukiwa haupo, kabla ya kula ama akishashiba, asubuhi ama magharibi. Ukishajua hayo kazi nusu imeisha.

Anza na mdomo wake

Mwinue mdomo wa juu taratibu akiwa kalala ama kachoka, usimlazimishe. Meno ya utotoni ni 28, madogo na makali ka sindano, yanaanza kutoka kwenye wiki ya 3 hivi na wiki ya 8 ikifika yanakuwa yametoka yote. Akiingia mwezi wa 3 mpaka wa 4 yale ya mbele yanaanza kung'oka, chonge zinafuata kwenye mwezi wa 5 ama wa 6, halafu magego ya nyuma, na kufikia miezi 6 ama 7 ana meno yake 42 ya ukubwani. Sasa wengi wetu hatujui mbwa kazaliwa lini, kaletwa tu akiwa kwenye kikapu, ati "chukua huyu ana mwezi mmoja". Hapo meno ndo cheti chake. Ukiona ya mbele ni mapana na meupe na chonge bado ni vile visindano, huyo yuko mwezi wa 4 ama wa 5, na tabu ya meno bado inaendelea.

Ya kawaida wakati huu ni fizi kuwa nyekundu na kuvimba kidogo, mate kuongezeka, harufu fulani ya mdomo, vidoa vya damu kwenye kitu alichokuwa anatafuna, na kula polepole ama kuacha chakula kigumu. Meno yenyewe hutayaona mara nyingi, anayameza na hayamdhuru. Lakini kutapika, kuharisha, homa, kukataa chakula siku nzima, hizo si dalili za meno hata kama jirani anaapa kwamba mbwa wake alikuwa hivohivo. Kijibwa wa miezi 3 anayetapika na kuharisha damu mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, yaweza kuwa pavo, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo, na pavo haingoji kesho.

Kitu kingine cha kutazama hapo mdomoni: chonge mbili zimesimama pamoja upande mmoja, ya zamani na mpya. Jino la utotoni likikatalia pale jipya linasukumwa linaota upande na uchafu unakwama katikati. Inatokea sana kwa mbwa wa aina ndogo. Usilingoe kwa koleo tafadhali, mzizi wake ni mrefu na unavunjika ndani. Mwonyeshe daktari, wengi wanalitoa siku ileile anapohasiwa.

Anatafuna matendegu, miguu ya viti na pembe za meza, wakati wowote, hata ukimwangalia

Hii ndo ya meno yenyewe. Anatafuta kitu kigumu kiasi chenye pembe kinachoingia upande wa mdomo, na tendegu la kitanda cha kamba liko sawasawa na urefu wake. Ukichunguza utaona alama nyingi fupifupi mahali pamoja, si kuraruliwa. Na kitanda cha kamba chenyewe ni janga, manake akishachoka na mti anahamia kwenye kamba za makumbi, anavuta uzi mmoja mmoja mpaka kitanda kinalegea katikati. Viti vya enzi vya Lamu ni hivohivo, ile kazi ya nyuzi kwenye kiti na mgongo kwa kijibwa ni mwaliko. Kama unacho kimoja cha urithi, usijadiliane, kiingize ndani ufunge mlango mpaka mbwa afikishe mwaka.

Dawa yake si kumkataza kutafuna. Hawezi kuacha, fizi zinamuwasha, ni ka kumwambia mtoto mchanga asitie kidole mdomoni. Dawa ni kumpa cha kwake kilicho bora kuliko kiti, na ubora kwa kijibwa ni vitu vitatu, ubaridi, harufu ya chakula, na kulainika kidogo akiuma. Chukua tambara la jinzi kuukuu ya mitumba, likate refu, lisokote, ulifunge fundo, uliloweke kwenye supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, halafu tia friza. Likishaganda mpe akiwa mbele yako, likianza kuchambuka nyuzi unamnyang'anya. Karoti nzima iliyoganda pia inafaa. Mpira mgumu wenye tundu, ile ya kuchezea mbwa inayouzwa agroveti na supamaketi, unaweza kuujaza ugali laini uliochanganya na dagaa uliowaloweka mpaka chumvi ikatoka, ukaugandisha. Huo unamshika muda mrefu kuliko vyote na mimi naona ndo pesa ya maana kuliko dawa yoyote ya kunyunyiza.

Kama huna friji, loweka tambara kwenye maji ya mtungini. Ubaridi wa mtungi unatosha, hata bila barafu. Barafu ya kupondea samaki kule ufukweni usimpe, hujui maji yake yalitoka wapi.

Na akikamatwa na mti mdomoni usipige kelele, mpelekee kitu chake puani, akiachia tendegu akashika chake msifu. Akikataa mbadilishe na kipande kidogo cha nyama. Ukimvuta shingo ama ukamfungua mdomo kwa nguvu kila mara unamfundisha kukimbia na kitu ama kumeza haraka, na hapo ndo utajua shida ni nini.

Vya kutafuna ambavyo watu wanampa na havifai

Hapa nitakaa kidogo manake ndo mahali watu wa pwani tunakosea kwa nia njema. Kumbi la nazi lipo kila uwanja na kijibwa analipenda, lakini zile nyuzi akizimeza zinajikunja tumboni zinafunga njia. Kifuu nacho ni kigumu mno, kinapasua jino na kinatoa vipande vyenye ncha. Nyama ya nazi yenyewe kipande kidogo sawa, nyingi itamharisha kwa mafuta. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana, inavunjika vipandevipande vyenye makali. Mfupa mkubwa wa ng'ombe na barafu ngumu ya mraba vinaweza kupasua jino. Kipimo chepesi ni kubonyeza kwa ukucha wa gumba, kitu kisipobonyea hata kidogo ni kigumu kuliko meno yake.

Viatu vya akala na vipande vya tairi vina nyaya ndani. Ndara kuukuu, hata kama unaitupa, usimpe, hawezi kujua ipi ni kuukuu na ipi umenunua jana kwa Idi, kwake zote zinanuka mguu wako.

Makombo ya pilau ya harusini pia. Watu wanaona ni ukarimu. Zabibu kavu zinaua figo za mbwa, vitunguu maji na thomu vinaharibu damu yake, na yote hayo yamo sufuriani. Siagi ya karanga ukitaka kumpakia kwenye mpira soma kopo kwanza, isiwe na zailitoli, ile sukari bandia, manake hata kidogo inamuangusha sukari mwilini na inaweza kumuua.

Na fizi zikiuma usimpe Panadol, Brufen wala diklofenaki. Dawa hizo za binadamu ni sumu kwa mbwa, hasa mdogo. Hata zile jeli za kupaka fizi za watoto wachanga usimpake.

Anatafuna sehemu moja tu, anarudi hapohapo

Ukiona kochi zima halina kitu ila mkono mmoja umeliwa mpaka sponji iko nje, swali si meno. Nusa pale. Mara nyingi ndipo mtu anapolia chapati akaangalia tivi, mafuta yameingia kitambaani. Ama ni godoro la mtoto lililomwagikiwa maziwa. Ama, na hii watu hawaifikirii, kuna panya. Kijibwa anayekwaruza na kutafuna nyuma ya kochi mahali pamoja kila usiku, masikio yamesimama, anakwambia kuna kiota ndani. Pindua kochi uangalie kabla ya kumlaumu.

Kama ni harufu ya chakula, osha kwa sabuni kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jaribu kwanza upande usioonekana, siki inaweza kubabua vanishi. Kwa mbao iliyokwisha kuumwa pitisha msasa mpaka iwe laini, manake ule ukwaruzo na harufu ya mate yake mwenyewe ndo vinamrudisha. Fundi seremala atakujazia gundi na unga wa mbao palipochimbika, ila mwambie mapema kuna mbwa, asitumie kitu kisichokauka vizuri.

Katika nyumba nyingi za huku tunafuata madhehebu ya Shafi, kwa hivo mate ya mbwa yakigusa kitu ni kuosha mara saba na moja wapo kwa udongo. Mbao na chuma utaosha, foronya utaosha, lakini kochi la kitambaa lenye sponji utalioshaje mara saba. Ndo maana mimi nasema mbwa makazi yake uwanjani na barazani, ndani asiingie, na sio kwa kumchukia. Ukiwa na bibi nyumbani anayeswali pale sebuleni utanielewa. Atakwambia "mjukuu wangu, huyo mbwa wako na miye mmoja atahama", na mwenye kuhama hatakuwa bibi.

Anatafuna magharibi, anakimbia ka aliyepagawa

Saa 11 na nusu jioni mpaka magharibi anaanza, anazunguka uwanja mbiombio, anauma stuli, anauma pindo la kanga, anauma visigino vya watoto. Watu wanasema kapandwa na mashetani. Hana shetani. Mchana kutwa joto la kaskazi limemlaza chini ya mwembe, jua likipungua nguvu zote zinatoka pamoja. Mtoe matembezi mafupi saa 10 na nusu ama 11 kabla hajaanza, bonyeza kiganja chako kwenye mchanga ama lami kwanza, ukishindwa kukiweka hapo sekunde chache yeye pia atababuka nyayo. Na kama hajamaliza chanjo, ambazo zinaendelea mpaka kwenye wiki ya 16, usimpeleke wanakopita mbwa wa mtaani, mchezeshe uwanjani kwako kutafuta dagaa uliowaficha kwenye majani, pua ikifanya kazi dakika 10 inamchosha kuliko kukimbia.

Ukimpeleka ufukweni mwangalie mdomo. Bunju, wale samaki wanaojivimbisha, waliotupwa na wavuvi wamelala mchangani na kijibwa wa meno anaokota chochote, na bunju hata akiwa amekauka ana sumu ya kuua.

Sababu nyingine ya magharibi ni kinyume chake kabisa, kakosa usingizi. Kijibwa analala saa 16 mpaka 20 kwa siku, na katika nyumba yenye watoto hapati nusu ya huo, kila akifumba macho mtoto kamvuta mkia. Akichoka hivo hatulii, anauma zaidi. Utamtambua hivi, ukimpa kitu cha kutafuna anakitupa, anakurukia tena, macho mekundu. Huyo hahitaji mchezo, mtengee kona yenye kivuli, giza kidogo, watoto wakatazwe kufika, na atalala baada ya kulialia kidogo.

Anatafuna ukiwa haupo tu, na ni mlango ama dirisha

Ukirudi unakuta fremu ya mlango imechimbwa, pazia chini, mkojo, mate mengi sakafuni, na jirani anakwambia mbwa wako alikuwa analia toka ulipotoka. Miguu ya viti iko salama. Hii ni hofu ya kuachwa, na pilipili kwenye mlango itafanya mbwa mwenye hofu awe mbwa mwenye hofu na mdomo unaowaka.

Hapa kwetu iko sana kwenye nyumba za kupangisha kule Casuarina na Silversands. Msimu wa Disemba mpaka Machi wageni wamejaa, kijibwa analala kitandani, anabebwa, anakula mezani, halafu Aprili inaingia, mvua zinaanza, wenyewe wamerudi zao Italia na mbwa kaachwa na askari wa geti ambaye hata jina lake hajaambiwa. Halafu askari anapigiwa simu anaulizwa kwa nini mlango wa kuchonga umeliwa! Kama wewe ndo huyo askari, mwambie tajiri wako wazi kwamba mbwa alipaswa kuzoeshwa nawe wiki kadhaa kabla ya safari, wewe umlishe, wewe umtembeze, alale unapokaa.

Kumzoesha ni kutoka na kurudi kabla hajaanza kulia. Toka nje ya geti, hesabu kidogo, rudi bila shangwe. Ongeza muda polepole, ukiona kaanza kulia umeenda haraka, punguza. Kila unapotoka mwachie ule mpira wa ugali ulioganda, ili kutoka kwako kuwe na maana nzuri. Kumfunga mnyororo mchana kutwa kunazidisha, tena atatafuna mnyororo na huo ndo utamvunja meno kweli.

Lakini kama ukiwa haupo anatafuna kila kitu bila mpango, ndoo, ufagio, mkeka wa miaa, kiti, na hana mkojo wala kilio, huyo hana hofu. Kachoshwa na kukaa bure tu. Mpunguzie eneo, zungushia wavu kona ya baraza, muwekee maji, kivuli na vitu vyake viwili vitatu vya kutafuna ambavyo unavibadilisha kila siku ili visimkinai.

Anakuangalia kwanza ndipo anauma

Ananyanyua ndara, anakutazama, ukisimama anakimbia. Hapo mmeshamfundisha mchezo. Watoto wanamfukuza wanacheka, baba anapiga kelele, nyumba nzima inasimama, hajawahi kupata raha ka hiyo. Acha kumfukuza. Geuka, ingia jikoni, tingisha sahani yake. Vitu vya maana viwekwe juu, na akiwa katulia na kitu chake ndo umwite na kumpapasa, manake wengi tunamkumbuka mbwa akiharibu tu.

Anatafuna mbao, anakula udongo, mkaa, chokaa ya ukutani

Hii iangalie sana. Kutafuna na kumeza ni mambo mawili mbalimbali. Kijibwa wa meno anatema vibanzi, huyu anavila. Inua mdomo tena utazame fizi, zikiwa nyeupe ama zimepauka badala ya waridi, ana upungufu wa damu. Huku joto na unyevu ni neema kwa minyoo ya safura na kupe, na wote wawili wanakunywa damu. Dawa ya minyoo kwa kijibwa ni kila wiki 2 mpaka afike miezi 3, halafu kila mwezi mpaka miezi 6, kipimo kwa uzito wake na si kwa kukisia. Fizi zikiwa nyeupe kabisa usihangaike na minyoo nyumbani, mpeleke.

Njaa nayo. Kijibwa wa miezi 3 anataka kula mara 3 ama 4 kwa siku, na huku wengi wanapewa ugali mara moja jioni watu wakishakula. Ugali mtupu unajaza tumbo lakini haujengi mfupa wala jino. Ongeza utumbo uliochemshwa, dagaa, yai. Kuna viti vingi sana vimeliwa kwa sababu ya sahani tupu.

Vya kupaka kwenye viti

Siki na maji, ama ndimu, vinasaidia kwa baadhi ya mbwa, na kuna dawa za uchungu za agroveti. Zinaisha nguvu, upake tena kila siku, na zinafanya kazi kama tu pembeni kuna kitu halali cha kutafuna. Wapo mbwa wanaolamba siki wakatafuta nyingine. Pilipili inaingia machoni mwake na mwa mtoto wako anayeshika kiti hichohicho.

Dizeli, mafuta ya taa na oili chafu, hapana kabisa. Hizo tunazipaka kwenye boriti kuzuia mchwa na ndo maana watu wanaona ni rahisi. Kijibwa akizilamba anatapika na mvuke unaingia mapafuni. Dawa ya mchwa ni mbaya zaidi, kwa hivo kama kiti kimepakwa hivi karibuni kitoe uwanjani. Akitetemeka, akitoa povu ama akianguka, usimpe maziwa wala mafuta ya kula na usimtapishe, mkimbize kwa daktari na chupa ya dawa mkononi.

Kizuizi cha kweli ninachokiamini ni bomba la PVC. Kata kipande urefu wa mguu wa kiti, kipasue upande mmoja, pitisha msasa kwenye makali, kivishe. Kibaya kwa macho lakini kitakaa miezi mitatu minne kisha unakitoa. Usizungushie gunia ama kamba, umemtengenezea cha kutafuna.

Waya za feni na chaja ni habari yake peke yake, zipandishe juu ama zipitishe ndani ya bomba hilohilo. Ukimkuta kakakamaa na waya mdomoni zima umeme kwenye meni, ile swichi kubwa ya nyumba, kabla ya kumgusa, na hata akiinuka mzima mpeleke, mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Dalili za kuacha kila kitu uende kwa daktari

Anatapika kila anachokula, hapati choo, tumbo linauma, anainamisha kifua huku makalio kayainua juu, jua kitu kimekwama, pengine nyuzi za kiti ama sponji. Ukiona uzi unaning'inia nyuma usiuvute, unaweza kukata utumbo.

Na hii isikie vizuri. Mbwa anayeuma mbao, mawe, chuma, kila kitu ghafla, mate yanamchuruzika, taya imelegea, sauti imebadilika, anayumba, huyo si wa meno, yaweza kuwa kichaa cha mbwa, na kijibwa pia anakipata. Usitie mkono mdomoni kuangalia. Mtenge, piga simu ofisi ya mifugo. Akiwa kashauma mtu, hata mkwaruzo mdogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali kwa chanjo siku hiyo, dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Chanjo ya mbwa yenyewe anapewa akiwa na miezi 3, ndo wakati uleule meno yanaanza kung'oka, kwa hivo ukiona jino la kwanza la utotoni limeng'oka na hujamchanja usingoje tena.

Kashapita miezi 8 na bado

Kuota meno kumeisha, huyo sasa ni barobaro. Taya imepata nguvu, anatafuna tena kwa muda, mpaka mwaka ama mwaka na nusu, na sasa anavunja badala ya kuchora. Hapa tambara la baridi halimtoshi, anataka mwendo mrefu asubuhi na jioni, kazi, na vitu vigumu zaidi lakini bado vya kubonyea ukucha. Vitu vya barazani virudishe kimoja kimoja, anza na stuli ya bei ndogo, akikaa nayo wiki mbili bila kuigusa ongeza kingine, akiigusa unarudi nyuma hatua moja. Kitanda cha kamba kiwe cha mwisho, na ukitandike upya kamba kabla hujamwonyesha, zile za zamani zimejaa mate yake.